Konokono Tisa wa Marehemu

"Hivi mama, Mungu akikuambia uokoe mmoja tu, sungura au konokono, utamshika nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, akacheka. Mimi sikucheka. Nilifanya kazi katika kituo kinachowatunza wote wawili, viumbe wa kisiwa kimoja, na wote wanakwisha.

Konokono wa mitini walibaki tisa, wadogo kama ncha ya kidole. Marehemu mume wangu ndiye aliyewatoa msituni, akawatunza miaka kumi na mmoja. Alipofariki nikashika kazi yake. Hawali jani, wanalamba utando wa kuvu ulio juu yake. Kila asubuhi nilisali, nikachovya matawi mabichi katika beseni la maji ya mvua, nikawawekea.

Sungura kumi na wanne walikuwa chumba cha pili kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tulimwita Masikio.

"Shemeji," alikuwa akinitania, "sungura akikutazama unajua umetazamwa. Hao wako wana nini? Mate tu!"

"Wako wanazaa kila mwaka. Wangu mtoto ni mmoja mmoja, na kukua ni miaka. Nani wa kuhurumiwa?"

"Anayependeza kwenye picha."

Hapo alisema kweli. Wageni walijaa kwake; kwangu walichungulia tu mlangoni.

Kiangazi sungura wakaingiwa na viroboto. Shemeji akawaogesha kwa dawa. Beseni lake lilikuwa limepasuka, akachukua langu, akalisuuza, akalirudisha. Hakuniambia, maana aliliona safi. Nami kesho yake nikachovya matawi humo bila kulinusa.

Siku ya tatu niliwakuta wote wameanguka chini ndani ya kisanduku chao, wamejikunja ndani ya magamba yao. Nilipoliinamia beseni, harufu ya dawa ikanipanda puani.

Shemeji akaingia anacheka. "Hakubaki hata kiroboto mmoja, shemeji! Wote kumi na wanne wamepona!"

"Beseni hili ulilitumia?"

"Nililisuuza mara mbili." Kisha akaona kisanduku. "Konokono wa kaka?"

Akamchukua mmoja, akamweka kiganjani, akampulizia pumzi ya joto, kama kaka yake alivyomfundisha, ili atoe pembe. Akangoja. Akapuliza tena; pembe hazikutoka. Chumba cha pili sungura walikuwa wakitafuna majani.

Akamrudisha juu ya jani polepole, kama anayeogopa kumwamsha, akatoka.