Mkaguzi Chini ya Ukuta

Mwalimu wa uraia alikuwa anatetemeka mpaka chaki inagonga ubao yenyewe. Wala hakuwa na homa. Mkaguzi kutoka ofisi ya elimu alikuwa ameingia darasani, kapewa kiti, na kiti chenyewe kimewekwa nyuma kabisa, chini ya ule ukuta.

Ukuta gani? Ukuta wenye ufa mpana wa kuingia mkono wa mtoto. Methali ya ufa mnaijua wote, sitawachosha. Tangu mvua zianze ulikuwa unainamia ndani kidogo kidogo, na mstari wa nyuma wa madawati uko pale pale chini yake. Mwalimu mkuu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Shwari kwa kuwa kwake kila kitu ni shwari, alikuwa ameutundikia ramani kubwa asubuhi ile. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Wewe ni mwalimu wa muda," alikuwa amemwambia pale mlangoni, kwa upole unaotisha kuliko kelele. "Likitoka neno la ukuta, kazi huna. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu." Angesema nini? Nyumbani mama yake hainuki kitandani, na tegemeo ni yeye peke yake.

Basi akawapanga watoto kama walimu wengi wanavyowapanga siku ya mgeni: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, ili mgeni aone mikono imejaa darasa zima na mwalimu asikosee wa kumchagua. Na somo lenyewe, jamani, lilikuwa wajibu wa raia! Wiki nzima alikuwa amewafundisha kwamba raia mwema huuliza, husema, hafumbi macho. Leo kawafundisha kusema hakuna tatizo. Aibu alikuwa nayo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Kipindi kikaenda vizuri, mpaka mkaguzi, akiwa ameegemea ramani, akauliza mwenyewe: "Haya wanangu, shule yenu ina tatizo lolote?"

Mikono ikapanda. Mwalimu akatafuta wa kulia. Hakuna. Yote ya kushoto, darasa zima, na macho yote kwake. Lile jibu walilokaririshwa walikuwa wamelikataa.

Mwalimu angeweza kusema muda umekwisha. Mlangoni Shwari alikuwa anakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mwalimu akamnyooshea kidole binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Kiherehere, na papo hapo akajuta.

"Shikamoo, mzee," alisema Kiherehere. "Tuliambiwa tuseme hakuna. Lakini hapo ulipoegemea si pazuri. Ukuta unaanguka. Funua uone."

Mkaguzi akafunua ramani. Akautazama ufa, akameza mate. Kisha akainuka, akabeba kiti chake mpaka mbele karibu na mlango, akakaa. "Asante, mwanangu. Nitalifikisha panapohusika. Mwalimu, endelea."

Endelea! Watoto wa nyuma wako pale pale chini ya ukuta, mtu mzima kaokoa kiti chake!

Kiherehere hakukaa. "Na sisi, mwalimu?"

Hofu ya mwalimu haikupungua hata chembe. Ilizidi, ila sasa Shwari alikuwa amemtoka kichwani, kilichomtisha ni ukuta.

"Tokeni," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mstari wa nyuma kwanza. Wote nje. Acheni mikoba."

Wakatoka wakisukumana, mkaguzi akalazimika kusimama kuwapisha. Shwari akamfuata mwalimu hadi uwanjani, akamnong'oneza sikioni: "Umejifukuza mwenyewe. Warudishe ndani sasa hivi, nitamwambia mgeni ulipitiwa. Kazi utabaki nayo."

Mwalimu alimfikiria mama yake kitandani, na machozi yakaanza kumtoka bila kujificha.

"Nifukuze tu, mkuu," alisema, akitetemeka waziwazi mbele ya darasa zima. "Lakini humo ndani harudi mtoto."