Nafasi ya Mjakazi

Fundi wa majokofu hana haja ya kupenda tamthilia, na wengi wa kazi hiyo humaliza umri wao bila kukanyaga ukumbi. Huyu wetu alikanyaga kwa sababu ya kiyoyozi kilichogoma. Alikitengeneza nyuma ya jukwaa watu wakiwa mazoezini, na alipomaliza hakuondoka. Tangu hapo hakukosa onyesho. Alikaa mstari wa nyuma karibu na mlango, maana simu ya mtu mwenye friji iliyozima na nyama ndani haingoji pazia lifungwe, na akirudi nyumbani aliandika aliyoyaona kwenye blogu aliyoiita Mstari wa Nyuma. Watu wakamwita yeye hivyo hivyo, hata wasiosoma chochote.

Hakulipwa na mtu. Mkewe, muuguzi mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alikuwa akimwambia, "Wenzako wakitoka kazini wana vimada, wewe una blogu. Namshukuru Mungu, ingawa kulala unachelewa sawa na wao."

Lakini waigizaji walimsoma. Magazeti yaliandika habari za wakubwa waliohudhuria na nguo walizovaa. Fundi aliandika habari za msichana aliyepewa maneno matatu tu katika mchezo mzima, akayasema vizuri.

Msichana huyo sasa alikuwa amekua kisanaa, na katika mchezo mpya alikuwa ndiye bibi arusi. Nasi tumwite Bibi Arusi. Adhuhuri moja alifika karakanani amebeba kifaa cha friji kilichofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu." Akakipima, akakigeuza. "Mbona hii thermostati ni nzima?"

"Najua. Nilitaka tu niwe na kitu mkononi."

Akaketi juu ya kreti, akaeleza. Mwongozaji wa mchezo, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa nusu ya waigizaji wake walilelewa naye, alikuwa na zoezi aliloliita kuvunja haya. Lilifanyika nyumbani kwake, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Wasichana peke yao.

"Wanaume haya zao zimekwisha kuvunjika?" fundi aliuliza, na hakuna aliyecheka.

Alieleza mpaka mahali fulani, kisha akakishika tena kile kifaa, akaanza kukifunga upya kwenye gazeti lake. Fundi alikuwa na mabinti. Hakuuliza yaliyobaki.

"Polisi umekwenda?"

"Nilikwenda. Askari aliniuliza kama mimi ndiye yule wa tangazo la sabuni."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Mchezo huu ukiisha ataanza mwingine, na atachukua wasichana wapya. Wengine wametoka shule juzi. Nataka wajue kabla hawajafungiwa mlango. Basi. Lakini jina langu lisionekane, fundi. Mama yangu ni mgonjwa na nguzo ya nyumba ni mimi."

Fundi akaahidi.

Kwanza alikwenda kwa mhariri wa gazeti, maana alijua kipimo chake mwenyewe. Mhariri alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Habari nzito hii. Niletee mtu mwenye jina."

"Hataki jina."

"Basi huo ni uvumi, mzee wangu. Na sisi tukishtakiwa tuna wakili. Wewe una nini?"

"Nina bisibisi."

Mhariri alicheka mpaka akafuta machozi, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

Jioni mkewe alimwambia waziwazi, "Usiandike. Kwetu hospitali hapasui asiyesomea kupasua."

"Na kama waliosomea wamekataa kupasua?"

"Mgonjwa atakufa. Lakini hatafia mikononi mwako."

Neno hilo lilimkaa moyoni, na ndilo lililomfanya awe mwangalifu kuliko alivyowahi kuwa. Alimtafuta mwigizaji wa zamani aliyeacha sanaa akawa muuza vitambaa. Mama huyo aliyaeleza yaleyale kabla ya kuambiwa lolote, hata lile jina la zoezi. Kisha fundi alimwandikia Mwalimu maswali ya adabu, akapata jibu la upole: "Ndugu yangu Mstari wa Nyuma, karibu chai tuongee kiutu uzima." Jibu hilo aliliweka katika habari kama lilivyo. Yeye chai hakwenda.

Ikabaki kazi ya kumficha msichana. Hakutaja siku, kwa sababu siku humtaja mtu. Hakutaja mtaa. Lakini mchezo ulikuwa na wanawake watatu tu: mama wa bwana arusi, aliyeigizwa na bibi mmoja aliyekuwa jukwaani tangu fundi hajaoa, bibi arusi mwenyewe, na mjakazi. Ukiandika "msichana mmoja wa kundi hilo," macho yote yatamwendea bibi arusi. Fundi akakumbuka mazoezi aliyoyaona mwanzoni. Mjakazi hakuwa na mtu. Maneno yake yalisomwa na fundi wa taa, mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, akibana sauti huku wenzake wakijishika mbavu, na ilisemekana nafasi yenyewe ingeondolewa.

Basi akaandika kwamba aliyefungiwa mlango ni yule aliyepewa nafasi ya mjakazi. Aliona amefanya jambo la busara sana, kumtwisha mzigo mtu asiyekuwepo. Akamsomea mkewe kwa fahari.

"Una hakika nafasi hiyo haina mwenyewe?" mkewe aliuliza.

"Ina ndevu," alijibu fundi, akabonyeza.

Habari ilienea kama moto wa nyasi kavu. Simu yake ilipata moto mfukoni. Watu wasiojua tofauti ya jukwaa na jukwaa la siasa walimpongeza, wengine wakamtukana mama yake. Akajiambia kwamba wasichana sasa wanajua, na siku hiyo alifanya kazi akipiga mluzi.

Kesho yake alikuja shemeji.

Huyu alikuwa mke wa rafiki yake wa miaka mingi, dereva wa malori ya masafa marefu, nao waliishi ukuta kwa ukuta. Alikuwa hodari wa kuigiza watu. Alijua kutembea kama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi, na kukohoa kama mama mkwe anayetaka kuongezewa mchuzi. Mara ngapi fundi alimwambia, "Shemeji, wewe mahali pako ni jukwaani, huku uani unapoteza kipaji."

Siku hiyo hakuigiza mtu. Hakusalimu. Alitupa aproni nyeupe juu ya meza ya kazi, katikati ya mirija na nyaya.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Fundi aliitazama aproni. Ilikuwa na lebo iliyoshonwa shingoni: Mjakazi.

"Si wewe uliyenisifu miaka yote? Nikaenda nikajaribiwa, nikapewa. Nikasema simwambii mtu, wala mume wangu wala wewe, mje mnione siku ya kwanza mwanguke vitini. Sasa watu wa mazoezini wamenitaja mitandaoni, na mwenzako amesoma akiwa njiani. Unajua ameniuliza nini? Hajaniuliza kama ni kweli. Ameniuliza, kama hapakuwa na kitu, kwa nini ulinificha? Haya, wewe msomi, nimjibu nini? Nilitaka kukuchekesha?"

"Shemeji, wallahi sikujua..."

"Ulijua ya chumbani kwa Mwalimu, ya ukuta wa pili hukujua! Andika kwamba si mimi."

Fundi akafungua mdomo kukubali, kisha akaufunga. Wanawake watatu. Umtoe bibi kizee, umtoe mjakazi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili angeitoa bila kukunja vidole.

"Nipe siku mbili."

"Siku mbili! Mama mkwe wangu amekwisha kufunga nguo za watoto."

Alipoondoka, fundi alimpigia Bibi Arusi. Msichana alisikiliza hadi mwisho.

"Ukisema si mjakazi, umesema ni mimi."

"Ndiyo."

"Na uliniahidi."

"Niliahidi, binti yangu."

"Basi nyamaza, fundi." Halafu akaongeza, "Yule dada alikuwa ananichekesha sana mazoezini."

Mwalimu hakuhitaji siku mbili. Jioni ileile palitokea video. Shemeji aliketi kwenye kochi, kichwa amejifunga vizuri, na Mwalimu kando yake mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Mimi ndiye mjakazi," alisema shemeji. "Mwalimu hajawahi kunigusa. Nyumbani kwake sijawahi kufika. Yaliyoandikwa juu yangu ni uongo, na yameniharibia nyumba."

Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kuiokoa ndoa yake, na hakusema hata neno moja la uongo. Fundi aliitazama video hiyo mara nyingi akitafuta mahali pa kuipinga, akakosa. Muuza vitambaa alipiga simu: "Niondoe humo, mwanangu. Watu wameanza kuniulizia dukani." Mhariri aliandika tahariri ndefu juu ya hatari ya waandishi wa uani, watu wasio na mafunzo wala bosi, wanaochezea heshima za wenzao. Fundi aliisoma sentensi kwa sentensi, na kila sentensi ilikuwa sahihi.

Akaifuta habari. Mahali pake aliandika kwamba alikosea, anaomba radhi kwa aliyeumizwa. Alikosea nini, hakuweza kusema.

Dereva alirudi wiki hiyo. Alimwamini mkewe, au alisema anamwamini, lakini kwenye vituo vya malori wenzake walikuwa wamempa jina, na jina halifutwi kama blogu. Walihama kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi alitoka kuwasaidia kubeba friji yao, ambayo aliitengeneza kwa mikono yake. Dereva akamwambia bila hasira, "Acha tu. Tutaiweza."

Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri ya Jumamosi, na ukumbi haukuwahi kujaa vile. Fundi alikwenda. Mkewe alimwuliza anakwenda kufanya nini, naye akavaa viatu. Mstari wa nyuma alipata kiti kwa shida. Bibi Arusi aliigiza kuliko siku zote. Na ilipofika zamu ya mjakazi, akatokea fundi wa taa na ndevu zake, aproni nyeupe kama ile kiunoni, akibana sauti. Watu wakacheka hadi kukanyagana miguu.

Mwishoni Mwalimu alipanda jukwaani, akashukuru, akasubiri kimya.

"Yuko hapa ndugu yetu mmoja," akasema. "Anakaa nyuma kule. Alituandika vibaya, akajirudi. Sanaa haina kinyongo. Mimi nimemsamehe. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Bibi Arusi naye alipiga, akitabasamu, mikono yake juu kidogo ili aonekane.

"Na mazoezi ya mchezo ujao yanaanza Jumatatu," Mwalimu aliendelea, akataja na saa. "Tunatafuta vipaji vipya. Wasichana hasa, msione haya."

Hapo fundi akasimama. Alisimama kusema. Hakuwa amepanga neno, ila alijua kwamba asipolitamka sasa hatalitamka tena. Lakini watu walipomwona amesimama walidhani anaitikia msamaha, na makofi yakapanda, mtu akapiga vigelegele, jirani yake akamgonga mgongoni: "Uungwana huo, mzee!" Akabaki amefungua mdomo mpaka makofi yakaisha, na yalipoisha watu walikuwa wakinyanyuka kutafuta mlango.

Msichana wa kiti cha mbele yake aligeuka, simu mkononi.

"Shikamoo, baba. Samahani, amesema Jumatatu saa ngapi?"

"Usiende, mwanangu," alisema fundi. "Mtu yule si mwema."

Msichana alimtazama usoni, akamtambua, akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mzee aliyekwisha kusamehewa. Kisha akamgusa mwenzake begani. Mwenzake alikuwa amesikia vizuri, akamtajia saa.