Kiyoyozi Kilichofuata Boriti

Mizigo ya mama ilikuwa tayari imeshapakiwa kwenye gari la kaka mkubwa, pale mlangoni. Mabegi mawili na mto wake. Kaka alikuwa ametoa neno lake la mwisho: daktari kaonya kwamba joto la nyumba ile litampandisha mama presha hadi limlaze, kwa hiyo ama chumba kipoe leo, ama mama ahamie kwake ghorofani, akakae akitazama mapaa ya watu.

"Kitapoa leo hii hii," alijibu kitinda mimba, binti fundi wa viyoyozi, huku akifungua sanduku lake la zana. "Na wewe kaa pembeni, usinitie mkosi."

Mama hakutaka kuhama, wala hakuficha. Aliketi sebuleni, kitambaa kibichi shingoni, akijipepea kwa kipande cha boksi la kiyoyozi. "Humu niliingia bibi harusi," alisema, "leo mnanitoa kama kabati bovu."

Kusema kweli nyumba ilikuwa kuukuu. Kuta nene za mawe, dari imelalia boriti, huko juu hakuna hata upenyo wa kupitisha mabomba ya hewa. Na tangu jirani apandishe ghorofa lake, upepo ulisahau njia. Lakini nani kamdanganya kaka kwamba nyumba ya zamani haipoi mpaka ivunjwe dari? Kiyoyozi cha siku hizi hakina haja na mabomba hayo. Sanduku moja ukutani ndani, jingine nje, na katikati tundu la kupenya ngumi. Basi! Binti alishawafungia watu kwenye nyumba zilizochoka kuliko ile.

Akaingia chumbani kwa mama, akatoboa, akaning'iniza, akaunga. Vumbi jeupe lilimjaa nyusi, akazeeka ghafla.

"Kimekaa sawa na boriti?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Sawasawa, mama!"

Na hapo ndipo alipojichongea. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: kitu hakitundikwi bila kuangalia boriti ya baba. Marehemu alikuwa seremala, boriti aliichonga kwa mikono yake, na saa, kioo, picha ya harusi, vyote vilitundikwa kwa kuifuata. Ukikosea, unashusha na kuanza upya. Basi binti huyu, ambaye kwa wateja hakazi hata skrubu moja bila pimamaji, kwao alikiacha kipimo sandukuni na kuinua macho kwenye boriti, kama alivyolelewa.

Akawasha. Ubaridi ukatoka, mama akaja na kuketi kitandani, akaguna kwa raha. Kisha likadondoka tone. Likafuata jingine. Punde maji yakawa yanatiririka ukutani mpaka kwenye godoro.

"Haya," kaka alisema, akichezesha funguo. "Sasa tumeleta na mvua. Mama, twende."

Mama hakulalamika. Aliinamisha kichwa tu, akaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu. Hilo lilimuuma binti kuliko tusi.

"Mama, kaa! Hahami mtu hapa!"

Alitoa pimamaji, akapanda ngazi, akakiegemeza kipimo kwenye boriti. Kile kipovu cha ndani kikakimbilia pembeni kabisa. Binti akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" kaka akafoka.

"Najicheka mwenyewe! Boriti imezama upande mmoja, tena siku nyingi. Humu ndani vyote vimepinda, na sisi tunajiona tumenyooka!"

"Usimseme baba yako," mama alisema.

"Simsemi, mama. Kosa langu, niliacha kipimo. Lakini maji hayamjui baba. Yanataka mteremko wa kuelekea kwenye tundu, nami nimeyainamishia upande wa pili."

Alikishusha kiyoyozi, akatoboa upya, akakifunga kwa kufuata kipimo. Kaka akatumwa nje kuangalia mpira wa kutolea maji, na binti akamimina kikombe kizima kwenye trei ya ndani.

"Yanatoka huku!" kaka alipaza sauti, kasahau kununa.

Mama alikitazama kiyoyozi, kisha boriti, kichwa kakilaza kwenye bega moja.

"Kimepinda."

"Kinaonekana hivyo, mama."

"Baba yako angekishusha."

"Angekishusha."

"Halafu angelowa," mama alisema, akacheka mpaka akajishika ubavu.

Godoro likageuzwa, mama akajinyoosha. Muda ukapita. Akavua kile kitambaa shingoni, akakitupa pembeni. Kaka alikuwa bado kasimama mlangoni na funguo zake.

"Sasa mama, tunafanyaje?"

"Hebu niletee begi langu kubwa, baba."

"Lililoko garini?"

"Kwani nina jingine? Blanketi langu limo humo. Nasikia baridi."

Kaka akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba mabegi yote mawili, na mto kwapani.