Mate Yasiyo na Herufi

Jumamosi hiyo bibi kizee Wachuka alikaa kwenye foleni ndani ya ukumbi wa kanisa pale Gakindu, bakuli la maharagwe mapajani, akiyachagua ili asikae bure. Zamu yake ilipofika, Dishon, mtaalamu wa lishe kutoka Nyeri mjini, alimdunga kidole kisha akampa kichupa ateme mate. Mate ya wenzake yalikuwa yametoa herufi ya kundi la damu yao, ikaelea juu kama tone la mafuta kwenye mchuzi. Ya Wachuka yalibaki mate tu.

"Shosho, damu yako ni O, lakini mate yako iko tupu," Dishon alisema. "Chakula haiwezi kukutambua. Wacha maharagwe, wacha mahindi. Kula nyama."

"Nyama ya nani?"

Dishon akaita mtu mwingine.

Jioni chakula kilitii. Wachuka alipopakua githeri ya mahindi na maharagwe, punje zilitoka kwenye sahani yake, zikabingirika juu ya meza na kuingia kwenye sahani ya mwanawe, Kingori, ambaye mate yake yalikuwa na A safi kabisa. Kingori alikula zote. Wachuka, aliyeyapanda maharagwe hayo kwa mikono yake, alipandwa na hasira. Akapakua tena, akafunika sahani na kuchomoa punje mojamoja kabla hazijatoroka. Tangu siku hiyo alikula hivyo, akakonda, lakini hakuacha.

Hilo angelivumilia. Lililomkata maini lilikuwa jambo la mtoto. Khavere, mke wa Kingori, mwalimu aliyetoka Vihiga, alikuwa amejifungua msichana, na kwa kuwa ndiye binti wa kwanza alipewa jina la nyanya yake, Wachuka. Ilikuwa desturi nyanya huyo amtemee mate kidogo kifuani, amwombee maisha marefu. Kingori alikataa katakata.

"Mami, hiyo mate haina kitu. Utambariki na nini?"

Wachuka aliumia kuliko siku aliyomzika mumewe. Marehemu angalau hakumtusi.

Baadaye ugonjwa wa kutapika ukaingia Gakindu. Ulipita nyumba kwa nyumba ukitafuta wenye herufi. Kwa Wachuka ulifika wakati wa chai, ukachungulia kikombe chake, ukakosa pa kushika, ukaenda chumbani kwa Kingori na Khavere. Dishon ulimkuta ukumbini, ukamlaza kwenye benchi alilokuwa akiwakalisha wagonjwa wake. Wenye mate matupu ndio pekee waliobaki wima, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wachuka alimwaga ndoo, akafua mashuka, akamnywesha Kingori maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kisha alienda ukumbini akamnywesha Dishon pia, ingawa moyo ulimwambia amwache.

Watu walipopona, Dishon alimshukuru kwa heshima zote, akapanga vichupa vyake upya, na foleni ikarudi. Cha Wachuka kilikuwa bado kwenye rafu ya walio tupu. Githeri iliendelea kumkimbia.

Asubuhi moja Khavere alitoka na mtoto kuota jua. Wachuka akanawa mikono, akaomba kumpakata. Kingori akaja mbio kutoka kwenye shamba la kahawa.

"Mami, si tuliongea?"

"Wewe ndio uliongea."

"Ati sasa unataka kumfanyia nini?"

"Mwache, Kingori," Khavere alisema. "Huyu mtoto amebeba jina yake. Na wewe, ni nani alikuwa anakushikia ndoo?"

"Hiyo ni maneno ingine," Kingori akajibu, na kweli aliamini hivyo.

Wachuka akafungua blanketi, akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, akamwombea mvua, watoto na mvi. Kingori akatoa kitambaa mfukoni akapangusa. Wachuka akatema tena. Kingori akapangusa tena, safari hii kwa nguvu zaidi, mpaka kitambaa kikalowa. Wachuka akamsubiri amalize. Mate alikuwa nayo tele.