Maharagwe ya Matiko

Joash alikuwa amechoka kuzika. Hakuwa mchimba kaburi wala mchungaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rangwe, na balaa lake lilianza siku ile wenzake waliosoma naye chuo cha ualimu walipomchagua kuwa katibu wao, wakidhani kazi ya katibu itakuwa kuwaitisha kwenye karamu. Karamu ilifanyika moja tu. Baada ya hapo wakaanza kufa. Walikufa kwa kifua, wakafa kwa malaria ya tumbo, wakafa kwa kurogwa na majirani ambao hata nguvu za kupalilia hawakuwa nazo. Kila familia ilichagua jina lake la ugonjwa na hakuna aliyeuliza mara mbili. Na kila Jumamosi Joash alipiga pasi koti lile lile la kijivu, akaenda kusimama kando ya jeneza kusema neno la wenzake wa chuo.

Neno hilo si mchezo. Kwenye mazishi ukoo utasema, kanisa litasema, chifu atasema hata kama marehemu alimkimbia maisha yake yote. Hao wote watu huwasikiliza wakipiga miayo. Akiitwa mwenzake wa chuo, viti husogezwa na mama wa marehemu huinua kichwa, kwa sababu huyo ndiye anayetarajiwa kuleta jambo ambalo nyumbani hawalijui. Mwanzoni Joash alikuwa nayo mambo tele, ya mpira, ya kwaya, ya walimu waliopewa majina ya utani. Kufikia mwaka wa tisini na tatu alikuwa anakwangua ukoko.

Mwaka huo ndipo alipokufa Byron, na akazikwa kwao nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Yalikuwa mazishi ya tatu ya Joash wiki hiyo. Alisimama, akashika kipaza sauti, akamtafuta Byron kichwani asimpate. Byron alikuwa mtu wa kukaa dawati la nyuma, hakufunga bao, hakuimba, hakugombana na mtu. Mellen, mjane wake, alikuwa ameketi mbele na binti yao mdogo ubavuni, anamtazama Joash kama mtu anayengoja kupewa maji. Joash akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kisa cha maharagwe.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli. Kilitokea mwaka ule wa ukame, wa mahindi ya njano, chuo kilipowapikia maharagwe yenye wadudu kwa muhula mzima mpaka usiku mmoja wanafunzi wakabeba sufuria na kuyamwaga mbele ya ofisi. Asubuhi mkuu wa chuo aliwapanga uwanjani. Akasema atajwe aliyeanzisha, la sivyo darasa zima litarudi nyumbani mwaka mzima. Walikaa kimya, kwa kuwa hakuna aliyeanzisha, walianzisha wote. Ndipo mmoja wao akatoka kwenye mstari akasema ni mimi. Alifukuzwa siku hiyo hiyo na sanduku lake kichwani, na wengine wote wakaendelea kusoma, wakawa walimu. Hayo yote Joash aliyasema vizuri sana. Alichobadilisha ni jina tu. Aliyetoka kwenye mstari alikuwa Matiko, Mkuria kutoka upande wa Migori. Siku ile kando ya jeneza akawa Byron.

Wenzake waliokuwepo walijua, na hakuna aliyekohoa. Nao walikuwa wamechoka. Jioni, wakingoja gari, Barnabas, ambaye siku hizo alikuwa mwalimu mkuu mjini Migori na mdomo wake haukujua kupumzika, alimgonga Joash begani akamwambia, "Katibu, siku yangu ikifika nipe ile penalti ya Ombui. Ombui mwenyewe ni mzima, hatalalamika." Ombui akacheka kuliko wote. Matiko hakuwepo, alikuwa anasahihisha mitihani, na Joash akajiambia kwamba maneno ya matangani hayavuki mji wa Rongo kufika upande wa kina Matiko.

Sasa ni mwaka wa tisini na sita, na aliyekufa ni Matiko.

Joash alifika mapema kwa kina Matiko, kwenye vilima vya tumbaku karibu na mpaka. Alikuwa amepanga kusema machache. Angesema Matiko alikuwa mtu wa watu, angeshukuru, angekaa, angekula, angerudi Rangwe kulala. Hakuwa na nguvu za zaidi ya hapo. Lakini kabla hajakaa chini ya turubai akaambiwa mama wa marehemu anamwita ndani.

Mama Matiko alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Kiluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu na Kikuria cha Joash kilikuwa hakuna kabisa, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, cha kila mtu na kwao. Alimshukuru kwa safari. Kisha akamweleza jambo ambalo Joash, pamoja na ukatibu wake wote, hakuwahi kulijua.

Mwaka ule Matiko aliporudi na sanduku, kijiji kilitaka kujua ameiba nini. Huku, mtu akifukuzwa shule ameiba. Sababu nyingine watu hawazijui. Matiko hakujibu. Alimwambia mama yake peke yake, usiku, na akamkataza asiseme, kwa sababu mkuu wa chuo akisikia kwamba siye, atamtafuta aliye ndiye, na wenzake watafukuzwa. Alikaa mwaka mzima akivuna tumbaku za watu. Adhabu ilipoisha akarudishwa chuoni, akamaliza, akawa mwalimu, na bado kwenye pombe aliitwa Matiko wa kufuli, yaani mwenye kuvunja kufuli za stoo. Aliposa mara mbili. Mara zote mbili baba wa msichana alisema hachukui ng'ombe wa mwizi, maana hajui wametoka zizi la nani. Ndiyo maana hapa leo hapakuwa na mjane wala mtoto. Baba yake mwenyewe alikufa akiamini.

"Mimi nimenyamaza kwa sababu yeye alinikataza," mama akasema. "Sasa amekufa, na nyinyi mmekuwa walimu, hakuna mtu atawafukuza. Mwalimu, sitaki maneno mingi. Sema tu ile ya maharagwe. Ukisema mimi nitaambiwa ni mama anatetea mtoto. Wewe ulikuwa hapo."

Joash akamwambia ndiyo, mama, nitasema. Alitoka ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijua hasa atakalolisema na kwa nini. Hapo ndipo alipomwona Mellen.

Alikuwa anashuka kwenye pikapu iliyotoka Homa Bay, na pamoja naye msichana mrefu mwenye sare ya shule. Mellen alimsalimu Joash kwa mikono miwili. Alisema Byron, alipokuwa hai, alimtaja Matiko kila mara bila kueleza mengi, basi akaona haifai akae nyumbani. Kisha akamsukuma binti mbele. "Huyu ni Dorine, shemeji. Hukumbuki alivyokuwa mdogo? Amelia mpaka nimlete. Anasema wewe ndiye mtu unamjua baba yake." Dorine akatabasamu kwa haya. Mama yake akaongeza, kwa fahari ya mama yeyote, kwamba siku ya wazazi mtoto alisimama mbele ya shule nzima akasimulia habari za baba yake na maharagwe, na mwalimu wa darasa akatoa kitambaa.

Mtu akichoka sana hata hofu humjia polepole. Joash alitikisa kichwa, akasema mtoto amekua, akaenda kumtafuta Barnabas nyuma ya turubai. Alimweleza yote kwa haraka na kumwomba asimame badala yake.

Barnabas, kwa mara ya kwanza, hakuwa na utani. Alisema angesimama, lakini angesema kitu gani? Alishauri Joash aseme mengine. Matiko aliimba besi, kwani besi si jambo? Mama ni mzee, ana majonzi, baadaye ataambiwa muda haukutosha. Joash akamuuliza kama besi itamwondolea mtu jina la mwizi. Barnabas akatazama viatu vyake. "Basi yule mtoto utamwondolea baba," akasema. "Chagua, Katibu. Mimi nisingependa kuwa wewe."

Joash aliona hasira ikimpanda, hasira ya kijinga isiyo na mtu wa kumwangukia. Aliwakasirikia waliokufa kwa kufa wengi wengi hivyo, hadi mtu anakosa nafasi ya kuwakumbuka mmoja mmoja. Halafu akaitwa.

Alisimama. Kando yake alisimama katekista wa kutafsiri kwa Kikuria, kwa hiyo kila sentensi aliyoitoa ilibidi aingoje irudi. Alianza na besi, kwa woga. Alimwona mama Matiko, ambaye sasa alikuwa ameletwa nje na kuketishwa kwenye mkeka, anamtazama tu bila kuonyesha lolote. Upande wa pili Dorine alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini. Joash akaacha besi. Akasema mwaka wa mahindi ya njano chuo kilitupikia maharagwe yenye wadudu.

Dorine akatabasamu. Alidhani anasikia habari za kwao. Midomo yake ikaanza kuifuata hadithi, neno kwa neno, na Joash akalazimika kutazama jeneza ili aweze kuendelea. Alipofika pale uwanjani, alisema:

"Aliyetoka kwenye mstari ni huyu. Matiko. Hakuanzisha kitu na hakuiba kitu. Alitoka ili sisi tubaki. Na kama kuna mtu amewahi kunisikia nikilisema jambo hili kwa jina lingine, mimi ndiye nilidanganya, nilikuwa nimekosa la kusema. Mwenyewe ni huyu."

Katekista akatafsiri. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mti wa uzio akauliza kwa Kikuria, na katekista akaleta swali: hata kufuli moja? Joash akasema hata moja. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. Watu walikuwa wameanza kunong'ona mama Matiko alipoinua mkono.

"Rudia, mwalimu," akasema. "Wale wa jikoni hawajasikia."

Ikabidi wanawake waitwe kutoka kwenye moto, wakaja wakijifuta mikono kwa leso, wakasimama nyuma. Joash akairudia yote, kuanzia maharagwe hadi sanduku kichwani, na katekista nyuma yake. Safari hii midomo ya Dorine haikuifuata. Msichana alikuwa amegeuka anamtazama mama yake, na Mellen anatazama chini. Joash alipomaliza, mama Matiko aliishusha leso yake kutoka kichwani hadi mabegani, akalala ubavu pale pale mkekani, na mara hiyo akasinzia. Waliomjua walisema hakuwa amelala tangu mwili uletwe.

Matiko alizikwa. Chakula kikaanza kupakuliwa. Joash hakuwa na hamu. Alitaka kuondoka kwa mlango wa nyuma, ila boma hilo halikuwa na mlango wa nyuma. Dorine alikuwa amesimama getini. Mellen alikuwa hatua chache nyuma yake, na usoni pake hapakuwa na salamu.

Joash alitayarisha pole ndefu. Msichana hakumpa nafasi ya kuitoa. Hakuwa analia, alikuwa amekunja uso, kama mwanafunzi aliyeambiwa hesabu yake ni kosa na anataka kuonyeshwa jibu.

"Sasa baba yangu alifanya nini?" akauliza.

Joash akafungua kinywa. Uongo mzuri ulikuwa tayari pale, kama zamani. Angeweza kumpa penalti ya Ombui. Akakifunga kinywa. "Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka wakati ule, na nimechoka sasa. Lakini ngoja."

Alirudi chini ya turubai na kuwaita wenzake wa chuo waliobaki, Barnabas, Ombui na wengine wawili, waliokuwa wameshaketi na sahani. Akawaambia waziweke chini. Akaleta kiti, akamketisha Dorine katikati yao, akasema hakuna atakayekula wala kuondoka mpaka mtoto huyu apewe kitu kimoja cha baba yake, kiwe kidogo namna gani, lakini kiwe chake. Walinung'unika. Ugali ulikuwa unapoa na gari halingoji. Ombui alisema Byron alikuwa mtu mzuri, Joash akamwambia hiyo hapana, kila mtu ni mzuri akishakufa. Walifikiri kwa muda mrefu, watu wazima wa suti zilizochakaa, wakikuna vichwa na kuangalia mbali kuelekea mashamba ya tumbaku, na Joash akaanza kuogopa kwamba Byron amekwisha kabisa, kwamba hata hapa miongoni mwa waliolala naye bweni moja hakubaki.

Mwisho Barnabas akakohoa. "Alikuwa anakoroma," akasema.

"Alikoroma!" Ombui akadakia. "Tulikuwa tunamgeuza kwa fimbo ya ufagio."

Nyuma yao Mellen alitoa sauti ambayo mwanzoni Joash aliidhani ni kilio. Alikuwa anacheka, leso mdomoni, machozi yakimshuka. "Hiyo ni kweli," akasema. "Hiyo ni yeye kabisa."

Dorine aliwatazama mmoja mmoja, bado hajaamua kama anaibiwa tena. Halafu akamgeukia Barnabas.

"Namna gani?" akasema. "Nionyesheni."

Na mwalimu mkuu Barnabas, mbele ya chifu, katekista na ukoo mzima wa Matiko, akafumba macho, akalaza kichwa nyuma ya kiti, akaanza kukoroma.