Kanga Wanane Katika Mfuko wa Mbegu

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliingia jikoni kwangu na kanga wanane wa porini ndani ya mfuko. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Binti yangu alikuwa amejifungua siku tano kabla. Maziwa yalikuwa hayajatoka vizuri, na sote tulihangaikia supu ya kumpa nguvu.

"Shemeji, hii ndiyo nyama," alisema, akiutua mfuko kwa madaha. "Haijui sindano wala chakula cha dukani. Si hao kuku wenu wa banda, wanaofura kama wamejazwa upepo."

"Umewapataje wote hawa?"

"Manati. Kila ndege jiwe moja."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwanangu huyo! Jicho la baba yake."

Niliwanyonyoa wawili wa kwanza haraka haraka. Firigisi zao niliziweka pembeni bila kuzipasua, nikabandika nyama kwa chumvi na tangawizi, kwa sababu kanga ni mgumu na huhitaji moto mrefu. Ilipotimia saa sita, mama mkwe alichota bakuli la kwanza akampelekea mzazi chumbani, akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilikuwa nimemshika ndege wa tatu.

Huyo nilimtazama vizuri. Hakuwa na alama ya jiwe popote. Shingo ilikuwa imekatwa, lakini manyoya hayakuwa na damu. Kisu kilimkuta ameshakufa. Nikapasua firigisi. Ndani mlikuwa na punje za mahindi zenye rangi ya waridi iliyokoza, kana kwamba zimechovywa kwenye wino.

Hakuna hindi linaloota na rangi ile. Rangi hiyo hupakwa mbegu iliyotiwa dawa ya kuua wadudu. Niliugeuza mfuko nikausoma neno kwa neno: "Mbegu hizi zina sumu. Zisiliwe na binadamu wala mnyama."

Nilikimbia chumbani. Binti yangu alikuwa akipuliza supu, midomo imeshagusa ukingo wa bakuli. Nikamnyang'anya, nusu ikanimwagikia mkononi.

"Mama! Supu imekosa nini?"

"Umeimeza?"

"Bado. Ilikuwa ya moto mno."

Nilirudi jikoni na bakuli lile. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachokonoa meno.

"Kunywa," nilimwambia.

"Nimeshiba, shemeji."

"Umeshiba nini? Tangu uingie humu hujatia kitu kinywani. Kunywa."

"Mbona unamkaba hivyo?" mama mkwe aliuliza.

Nilizimwaga punje zile kwenye ungo wake, juu ya mchele mweupe. Alizitazama, akamtazama mwanawe.

"Dawa hiyo inaisha kwenye moto," shemeji alisema. "Watu wanakula kila msimu wa kupanda. Au tangu uanze yale madarasa ya wazee ya kujifunza kusoma umekuwa mkaguzi wa mifuko?"

"Kama inaisha kwenye moto, bakuli hili hapa. Nyama imechemka saa moja na nusu."

Hakulishika. Alilitazama kama mtu anavyotazama nyoka. Mtu huyo aliiona supu ikipita mbele ya macho yake kwenda kwa mzazi wa siku tano, na aliendelea kuchokonoa meno.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake: "Uliokota wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Hapa wapo wanane. Wale sita umewapa nani?"

"Mama, yaishe. Mnataka kuniaibisha mtaani?"

Akainuka, akaondoka.

Nilichimba shimo refu nyuma ya nyumba, nikafukia sufuria nzima pamoja na ndege waliobaki, ili hata mbwa asiwafikie. Kisha mimi na mama mkwe tulibisha hodi mlango kwa mlango mpaka jua likazama. Hatukuwapata wale sita. Ama wameliwa, ama wamehifadhiwa kwa ajili ya wageni wa mtu.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alisema mambo ya familia yasitoke nje. Nilimjibu kwamba sumu imeshatoka.

Ndiyo maana nimeandika. Ukipewa kanga wa porini asiye na jeraha, usimpike. Pasua firigisi uone. Ukikuta punje za rangi, mfukie, na kama umeshampika, aliyekuletea mwekee bakuli la kwanza mbele yake umwangalie usoni, kisha nalo ulifukie. Karatasi hii usiikunje ukaitia mfukoni. Msomee jirani yako asiyejua kusoma, kisha mpe mwenye nyumba inayofuata, maana sijui ni chungu cha nani kilichoko motoni sasa hivi.