Kumi Yangu

Nimeendesha malori miaka thelathini, lakini chuo cha udereva kilikataa kuniajiri kama mwalimu mpaka nifaulu mtihani wa hesabu za mwendo. Binti yangu, mwalimu wa sekondari, akanikalisha mezani.

"Baba, gari linakwenda mita kumi kwa sekunde. Kila sekunde kasi inaongezeka mita mbili. Baada ya sekunde tano kasi ni ngapi?"

"Kumi. Mbili mara tano."

"Jumlisha ile ya mwanzo! Lilikuwa tayari linakwenda."

"Nani aliliondoa bila mimi?" Malori yangu yote yalikuwa na betri mbovu, yaliwaka kwa kusukumwa kutoka sifuri.

"Baba, acha utani. Ishirini!"

Wiki tatu nzima nilijibu kumi, naye akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mwishowe ishirini ikanikaa kichwani kama msumari.

Siku ya mtihani, gari la kwenye swali lilikuwa limesimama. Linaondoka, kasi inaongezeka mita mbili kila sekunde, kwa sekunde tano; kasi ya mwisho ni ngapi? Nikaandika ishirini kwa mbwembwe, nikatoka wa kwanza.

Getini nikamsimulia binti yangu. Akashika kichwa. "Baba! Hiyo ndiyo ilikuwa kumi!"

Nikarudi mbio. Msimamizi alikuwa ameshaifunga bahasha ya majibu.